Breki zinazobonyea baada ya kutengenezwa nyumbani: kabla hujanunua masta silinda

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo.

Kuna swali ambalo halikauki humu ndani. Mtu amebadilisha pedi au viatu vya breki mwenyewe, uani kwake, amefunga magurudumu, ameketi kwenye usukani na kukanyaga, na pedali imezama kwa ulaini ambao haukuwapo kabla ya kazi. Majibu nayo huja yale yale: masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki magurudumuni, imekufa, tafuta nyingine. Msimamo wangu ni kwamba masta silinda ni mtuhumiwa wa mwisho katika kesi hii. Gari lililokuwa likishika breki vizuri kabla ya matengenezo lina tatizo lililoingia pamoja na matengenezo, kwa hiyo uchunguzi uanzie pale mikono ilipopita.

Kwanza tutenganishe malalamiko, kwa kuwa watu huyatia yote katika kapu moja. Iko pedali inayobonyea, inayoujibu mguu kama tairi ya baiskeli isiyojaa upepo, ambayo ukiikanyaga haraka haraka inapanda kidogo lakini ulaini wake haukomi. Hiyo inakueleza kuwa ndani ya mfumo kuna hewa, au kuna kitu kinachopinda kila unapokanyaga. Iko nyingine inayosafiri mbali kwenda chini, kisha inagota na kuwa ngumu, na ukirudia mara ya pili papo hapo inagota juu zaidi. Hii haina hewa. Ina nafasi kubwa mno mahali fulani, na kwa magari mengi mahali hapo ni dramu za nyuma, zile ngoma ambazo viatu vya breki hutanuka ndani yake. Ya tatu ni ile ambayo, injini ikiwa inanguruma, ukiikanyaga na kuishikilia kwa nguvu ile ile inaendelea kushuka polepole kuelekea sakafuni. Hapo mafuta yanatoroka, ama nje ambako utayaona, ama ndani ya masta silinda yakipita kando ya sili, ile mipira inayoyazuia. Ni hii ya tatu tu inayokupa haki ya kuitilia shaka masta silinda, tena baada ya kukagua kila kiungo na kila gurudumu na kukuta kukavu. Msichanganye na ule mshuko mdogo unaotokea pale unapowasha injini mguu ukiwa tayari juu ya pedali. Huo ni busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu injini ikiwaka, inaanza kukusaidia, na ni dalili ya uzima.

Swali linalofuata ndilo ninaloliona la maana kuliko yote, na ndilo ambalo karibu hakuna anayeulizwa: je, mfumo wa mafuta ya breki ulifunguliwa? Kubadilisha pedi peke yake hakufungui mfumo. Unalegeza boliti za kalipa, kile kibanio kinachozibana pedi juu ya diski, unairudisha pistoni yake ndani, mafuta yanapanda kwenye kikopo cha mafuta ya breki, unaweka pedi mpya, unafunga. Hewa haikupata mlango wa kuingilia. Kama hukulegeza skrubu ya kutolea upepo, yaani hewa iliyonaswa katika mafuta, wala paipu, wala hukubadilisha silinda ya gurudumu, basi kutoa upepo kwa siku nzima hakutakusaidia, kwa sababu unatafuta kisichokuwapo. Lakini kama uliondoa kalipa nzima, ulibadilisha paipu ya mpira, au uliacha kikopo kikaisha mafuta wakati wa kazi, hewa ni mtuhumiwa namba moja, na sababu yake ni rahisi: mafuta ya breki hayabanwi kwa kiasi cha kuhesabika, ilhali hewa hubanwa. Kanuni aliyoieleza Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo juu ya kimiminika kilichofungiwa husambaa pande zote bila kupungua, inafanya kazi kwako pale tu ambapo paipu imejaa kimiminika. Ikiwa na hewa, sehemu ya safari ya mguu wako inaishia katika kuibana hewa hiyo, na pedi zinapata mabaki.

Sasa kutoa upepo kwenyewe. Mnahitaji kuwa wawili, mpira mwembamba unaoonesha ndani, na chupa yenye mafuta kidogo ya breki ili ncha ya mpira izame. Aliye ndani anakanyaga na kushikilia. Aliye chini analegeza skrubu, mafuta yanatoka, anaifunga, na hapo ndipo aliye ndani anaruhusiwa kuachia. Akiachia kabla haijafungwa, mnavuta hewa mpya na kazi yote inarudi nyuma. Semezaneni kwa sauti, "kanyaga", "nimefunga", "achia", kwa maana makosa mengi ya kazi hii ni ya mawasiliano. Kwa kawaida mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hilo huwa la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari lako kinaagiza vingine. Kikopo kiangaliwe kila baada ya mikanyago michache. Mafuta yaliyotoka chupani hayarudishwi kwenye kikopo, hata kama yanaonekana safi.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Katika gari lililotembea miaka mingi, pistoni ya masta silinda hutumia sehemu ile ile ya mwendo wake kila siku, na sehemu ya mbele isiyofikiwa hukusanya kutu na uchafu. Ukiikanyaga hadi mwisho wakati wa kutoa upepo, unazipitisha sili laini juu ya ukwaru huo na kuzichana. Hii ndiyo njia moja ambayo masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi huweza kweli kuwa mbovu jioni, na aliyeiua ni mtoa upepo.

Kuna kosa jingine linaloweza kuwatesa watu hata baada ya kumaliza chupa nzima ya mafuta: kalipa zimebadilishana pande. Kalipa ya kushoto mara nyingi hukaa kulia bila kulalamika, boliti zinaingia, gurudumu linazunguka, lakini skrubu ya kutolea upepo imeelekea chini. Hewa hupanda juu, wewe unatoa kutoka chini, na povu linabaki humo milele. Skrubu ni lazima iwe sehemu ya juu ya kalipa. Chuchumaeni, mtazame.

Kwa wenye dramu nyuma, jaribio ni la bure. Vuta handibreki hadi mwisho, kisha kanyaga pedali. Ikiwa imepanda na kuwa ngumu tofauti na mwanzo, viatu vya nyuma viko mbali na dramu, na unachohitaji ni kuzungusha kile kigurudumu chenye meno cha kurekebishia mpaka viatu viguse kwa mkwaruzo hafifu. Viatu vipya vikifungwa bila marekebisho haya, pedali itakuwa ndefu hata kama mfumo hauna tone la hewa.

Na gari lisitoke uani mpaka pedali irudi. Si kwenda dukani Ngamiani mara moja, si kuzunguka mtaa kulijaribu.

Mchangiaji, Muheza

Shikamoo mkuu, na ahsante kwa uzi. Mimi nimebadilisha pedi za mbele tu, gari dogo lenye diski mbele na dramu nyuma. Sikulegeza skrubu yoyote wala paipu yoyote, na dramu za nyuma sikuzigusa. Hata hivyo pedali inabonyea, na nikikanyaga mara nyingi ulaini haukomi. Kwa maelezo yako hewa haikuingia. Basi ni nini? Fundi wa jirani ameshaniambia nitafute fedha ya masta silinda.

Mwanzisha uzi

Marahaba. Fedha hiyo kaa nayo kwanza.

Kwako wewe tunatafuta kinachopinda. Pedi inatakiwa ilale bapa juu ya diski na itelezeke bila kukwama katika bano lake. Kwa hali yetu ya pwani, kutu hujijenga chini ya vile vibati vyembamba vinavyoshika masikio ya pedi, na nafasi inakuwa finyu. Pedi mpya, zenye rangi nene pembeni, zinaingia kwa kugongwa nyundo. Ikishagongwa pedi hairudi wala haiendi ipasavyo. Inakaa kwa pembe, na kila unapokanyaga, bati lake la nyuma linapinda kidogo kabla ya kuubana uso wote wa diski. Mguu wako unausoma mpindo huo kama ulaini. Toa vibati, safisha kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, rudisha, na uone kama pedi sasa inaingia kwa vidole.

Angalia pia pini ambazo kalipa hutelezea juu yake. Zitoe, zifute, uone kama zina kutu au grisi iliyokauka. Katika kalipa nyingi pini mbili hazifanani. Moja ina kifuko cha mpira kwenye ncha yake, na kila moja ina tundu lake. Zikibadilishana, kalipa inaweza kung'ang'ania na kukaa upande. Paka grisi maalumu ya breki, ile ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira, na baada ya miezi kadhaa pini haitoki tena.

Hesabu vibati vya nyuma ya pedi, vile vya kuzuia kelele. Kuna watu huweka vya zamani juu ya vipya kwa nia njema, na kila tabaka la ziada, hasa lenye mpira au gundi, linaongeza ulaini. Kama diski ina mifereji mirefu na ukingo uliosimama, pedi mpya iliyo bapa itagusa vilele tu mpaka isagike. Hapo ulaini kidogo katika siku za mwanzo unaeleweka, ingawa ukingo ukiwa mkubwa mimi ningepeleka diski kuchongwa, mradi haijapungua kupita unene wa chini uliochapwa juu yake, la sivyo ningeibadilisha.

Mwisho, inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Beringi yenye mchezo huifanya diski iyumbe na kuzisukuma pedi nyuma kila unapokata kona, kwa hiyo mkanyago wa kwanza baada ya kona unakuwa mrefu.

Mchangiaji, dereva wa njia ya Pangani

Kwa heshima zote, mambo ya mbao chini ya pedali na pini kubadilishana ni ya vitabuni. Sisi barabarani tunakanyaga mara mbili mara tatu, pedali inapanda, abiria wanafika. Nimeendesha hivyo kwa muda mrefu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kukanyaga mara tatu kunahitaji muda, na muda huo unautumia ukiwa unatembea. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 katika sekunde moja. Mtoto akitokea na baiskeli mbele yako, mikanyago miwili ya kupandisha pedali imeshakupeleka zaidi ya pale alipo. Pia fahamu kuwa masta silinda ya magari ya leo ina vyumba viwili vyenye njia mbili za mafuta, ama mbele na nyuma, ama kwa mshazari, ili njia moja ikipasuka nyingine isimamishe gari. Pedali iliyokuwa fupi ikawa ndefu ghafla inaweza kuwa ndiyo habari kwamba njia moja imekwisha kufa na unaendesha kwa iliyobaki. Ukiizoea, hutajua siku ya pili nayo itakapoondoka.

Mchangiaji, fundi, Ngamiani

Nimefanya kazi hii gereji kwa miaka mingi na ninaunga mkono sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Naongeza mambo ambayo mwanzisha uzi hakuyafikia.

Kabla ya kuhukumu masta silinda, tunatenga mfumo. Paipu za mpira zinabanwa moja moja kwa kibanio chenye midomo laini, kile cha kazi hiyo, si koleo lenye meno. Zote zikibanwa na pedali ikawa ngumu kama jiwe, masta silinda ni nzima. Kisha unaachia moja baada ya nyingine, na gurudumu litakalorudisha ulaini ndilo lenye tatizo. Ikiwa zote zimebanwa na pedali bado inabonyea au inashuka, basi tatizo liko juu, kwenye masta silinda au kwenye kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu, kama gari linacho. Paipu iliyokauka na kupasuka pasuka isibanwe. Hiyo ibadilishwe tu. Na mwambie msaidizi akanyage huku wewe unaitazama: paipu inayovimba ni chanzo cha ulaini hata bila hewa.

Skrubu za kutolea upepo hapa kwetu hukatika sana kwa sababu ya chumvi, hasa magari yanayolala karibu na bahari, Raskazone na Sahare. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na utumie spana ya ringi au boksi, kamwe si spana ya mdomo wazi. Wakati wa kufunga, kaza kwa kiasi, kwa kuwa ni skrubu ndogo yenye tundu katikati.

Jambo la tatu linanikera. Mipira ya breki haioshwi kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Inaoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe au kwa spiriti. Mtu akitia tone la oili ya injini au ya gia kwenye kikopo, sili zote zinavimba, na gharama yake inazidi masta silinda moja kwa mbali.

Kwa pikapu na mabasi madogo, angalieni pia ile vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono wa chuma, inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Baadhi zina skrubu yake ya kutolea upepo, nayo husahauliwa.

Mchangiaji, Lushoto

Langu ni tofauti kidogo. Nilifunga pedi mpya nikiwa Tanga, pedali ikawa ngumu na nzuri. Niliposhuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, katikati ya zile kona, pedali ikaanza kubonyea na karibu nifike chini. Nilisimama pembeni kwa muda, nikaendelea, ikawa nzuri tena. Hakuna tone lililovuja.

Mwanzisha uzi

Mafuta yako yamechoka, na pedi mpya hazina hatia. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza maji kutoka hewani, na hewa yetu ya Tanga ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza maji hadi asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kuwa nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Katika mteremko wa zaidi ya kilometa 30 wenye kona za kukunja, diski na pistoni zinapata joto kali, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Ukipumzika, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapona, ndiyo maana hukuona kitu.

Badilisha mafuta yote, si kujazia juu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. DOT 4 inaweza kuchukua nafasi ya DOT 3, lakini DOT 5 ya silikoni haichanganywi na hizo kabisa, hata kama namba yake inaonekana kubwa na bora. Chupa iliyokwisha kufunguliwa na kukaa stoo mwaka mzima usiitumie. Hakikisha pia kwamba kalipa haishiki gari likiwa linatembea, maana breki inayokwaruza njia nzima hupika mafuta hata mapya. Na ule mteremko ushuke kwa gia ndogo. Ukikuta unakanyaga breki mfululizo, gia uliyonayo ni kubwa mno.

Mchangiaji, Makorora

Naomba kuuliza kuhusu ABS. Nilibadilisha masta silinda mwenyewe, nimetoa upepo kwa utaratibu wote ulioelezwa, skrubu ziko juu, dramu zimerekebishwa, na bado pedali inabonyea.

Mchangiaji, fundi, Ngamiani

Dada au kaka, masta silinda mpya hutolewa upepo ikiwa mezani kabla ya kufungwa, kwa vipaipu viwili vinavyorudisha mafuta kwenye kikopo chake. Isipofanywa hivyo, hewa hukaa kichwani mwake. Unaweza kujaribu kulegeza nati za paipu pale pale kwenye masta silinda, moja moja, kwa utaratibu ule ule wa kanyaga, fungua, funga, achia, huku umefunika rangi ya gari kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa sababu mafuta haya hula rangi. Kama hewa ilishafika ndani ya kifaa cha ABS, magari mengine huhitaji kompyuta ya kupimia iamuru pampu na vali zake zifanye kazi wakati upepo unatolewa. Hapo tafuta gereji yenye mashine hiyo.

Mchangiaji, Muheza

Nimerudi na majibu, mkuu. Vibati vya upande wa kulia vilikuwa vimeinuliwa na kutu, na pedi ya ndani ilikuwa imekwama kabisa kwa pembe, imesagika upande mmoja tu. Nimesafisha, pini nimezipaka grisi ya silikoni, pedi sasa zinaingia kwa vidole. Pedali imekuwa juu na ngumu. Masta silinda haijaguswa. Je, niende nalo Tanga moja kwa moja?

Mwanzisha uzi

Bado kidogo. Ile pedi iliyosagika upande ibadilishe, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli ili gari lisivute kulia au kushoto. Kisha, injini ikiwa imewashwa, kanyaga kwa nguvu na ushikilie kwa dakika nzima. Ikikaa palepale, tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na magari, anza kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, ongeza taratibu. Punguza mwendo mara kadhaa kwa breki ya wastani kutoka kilometa 50 kwa saa bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa katikati, ili uso wa pedi ujikalishe juu ya diski. Ukirudi nyumbani, acha magurudumu yapoe, tazama ndani ya kila moja kama kuna unyevu, na uangalie kiwango cha mafuta kwenye kikopo. Kikiwa pale pale ulipokiacha, safiri.